Gurudumu la Kushoto

Mchanga wa Isevya haufichi siri.
Nilimwambia Mama Nyamizi: kimbiza, kisha kanyaga.
Pikapu ikatikisa kiuno, ikageuza uso kulia
kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni,
na nyuma ikaacha mstari mmoja.

Mmoja tu. Wa kulia, mrefu, umechimba.
Kushoto tairi lilipita na kashata zake zote,
moja moja, safi,
kana kwamba hakuna aliyeomba kusimama.

“Unaona? Kulia ndiko kubaya.
Mafundi watatu wamepalegeza,
wa Kanyenye, wa Cheyo, na yule wa stendi
aliyekula elfu arobaini na chapati zangu.”
Datsun ya mwaka sabini na nane, ya marehemu mumewe,
imebeba asali ya Sikonge mpaka bodi inanata.
Nyuki huifuata hadi gereji.
Nafanya kazi nao mgongoni.

Sikubishana. Nikapiga jeki, nikaegemeza magogo ya mninga.
Vuta hendibreki, nikasema.
Kulia, kimya. Kushoto, kimya.
Waya umeyashika yote mawili.
Basi viatu vizima, na ngoma nzima.
Achia. Sasa kanyaga.
Kulia likasimama, ijapokuwa limelegezwa hadi jino la mwisho.
Kushoto nikalisukuma kwa kidole:
likazunguka,
likazunguka.

Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa.
Mafuta yakaruka, yakanipiga kifuani.
Njia iko wazi, basi.
Barua inafika. Anayepokea ndiye hajibu.

Ngoma haikutaka kutoka,
kutu ilikuwa imefunga nayo ndoa.
Nyundo ya mbao: taratibu, kuzunguka,
unagonga huku unasikiliza,
mpaka ikakohoa, ikaachia.
Ndani, viatu viwili vinene, havijaliwa,
kama vya sikukuu vilivyosahauliwa kabatini.
Na katikati yao silinda,
pistoni imeganda humo kwa masika sijui mangapi.

Nikamwita aone.
“Kulia alikuwa anafanya kazi ya wawili,
ndiyo maana mkamsikia.
Huyu hakupiga kelele hata siku moja,
kwa hiyo hakuna aliyemfungua.”

Mama Nyamizi alinyamaza na yake.
Mimi nilimkumbuka kaka yangu aliyeko Dar,
salamu zake za Jumapili,
na nani huulizwa dawa za mama zikichelewa.
Nikaendelea kupiga msasa.

Raba mpya nilinunua za pande zote mbili;
ukitibu mmoja umeanzisha ugomvi mwingine.
Kulia nikapakaza upya.
Wale watatu walitaka usawa, na kidogo waupate:
walibakiza nusu zamu ya spana
kumfundisha mzima uvivu.
Kisha tukatoa hewa, yeye juu akikanyaga
na kuhesabu kwa Kinyamwezi, mimi chini na chupa,
mpaka mapovu yakaisha.

Saa kumi na moja tukarudi mchangani.
Mistari miwili.
Wa kushoto mfupi kwa shubiri moja;
aliinama akaupima kwa mkono wake mwenyewe
na kudai nipunguze bei kwa shubiri hiyo.
Nikamwambia viatu vinahitaji kuzoeana na ngoma,
beba mizigo midogo, urudi Jumanne.
Akalipa nusu fedha, nusu asali,
akaondoka na nyuki wake.

Haikuwa Jumapili.
Nilichukua simu kwa vidole vinavyonata.
Iliita upande wa pili, ikaita, ikakatika.
Nikapiga tena.
Nyundo ya mbao, nikajiambia.
Taratibu. Kuzunguka.